Mahali Papo, Ajabu Haipo: Jinsi ya Kulenga Wakati wa Maajabu ya Asili Duniani

Picha nyingi za maajabu ya asili zinazosambaa mtandaoni hazina tarehe. Unaona uwanda wa chumvi wa Uyuni umegeuka kioo, Maporomoko ya Victoria yamejaa ukingo hadi ukingo, anga ya Norwei imekuwa ya kijani. Huambiwi kwamba picha ya kwanza haiwezekani Agosti, ya pili haiwezekani Novemba, na ya tatu haiwezekani Juni. Watu hukata tiketi kwa kufuata likizo zao au nauli nafuu, wakafika na kukuta mahali papo, ajabu haipo.

Tatizo halitokani na uvivu wa kusoma. Kila ajabu ina kinachoiendesha, na kinachoiendesha hakifanani kutoka mahali hadi mahali. Kuna zinazofuata maji ya mito, zinazofuata mwezi, zinazofuata pembe ya jua, na chache zisizofuata chochote tunachoweza kukitabiri. Ukijua yako ni ya kundi gani, tarehe hujitokeza yenyewe.

Maji huchelewa kuliko mvua

Tuanze na Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Pazia lake la maji lina upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hivi. Muulize msafiri maporomoko hujaa lini, atakujibu: msimu wa mvua. Anakosea kwa miezi kadhaa. Mvua kubwa katika eneo hilo hunyesha kati ya Desemba na Februari, lakini mto hufurika kati ya Machi na Mei, na kilele kwa kawaida huwa Aprili.

Sababu iko juu ya mto. Zambezi huanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, hukatiza Angola, kisha hurudi Zambia na kutawanyika kwenye uwanda mpana wa Barotse. Uwanda huo hupokea mafuriko na kuyaachia polepole. Ndiyo maana hata Kuomboka, sherehe ya mfalme wa Walozi kuhama uwandani maji yanapopanda, kwa kawaida huangukia mwishoni mwa msimu wa mvua. Maji yaleyale huendelea kushuka kusini na kufika kwenye maporomoko wakati anga ya Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani nayo, imeshaanza kuwa safi.

Hapo pana kitendawili ambacho matangazo ya utalii hayakitaji: maporomoko yakijaa zaidi, huonekana kidogo zaidi. Maji yakipiga chini ya korongo jembamba, manyunyu hupanda mamia ya mita na kurudi juu ya watazamaji kama mvua. Aprili unaweza kusimama kwenye kituo cha kutazamia, ukasikia ngurumo kifuani, na mbele yako usione kitu ila weupe. Kamera hulowa ndani ya dakika moja, na koti la mvua halisaidii sana kwa sababu maji huja hata kutoka chini. Anayetaka kuona upana wote msimu huo itabidi apande helikopta.

Oktoba na Novemba ni kinyume chake. Maji hupungua hadi upande wa Zambia ukabaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa, ilhali upande wa Zimbabwe maji huendelea kuanguka. Hili halina siasa yoyote: ukingo wa mwamba upo chini zaidi upande wa magharibi, hivyo maji machache yanayobaki hukimbilia huko. Kwa hiyo ushauri wa jumla wa "nenda upande wa Zambia" au "nenda Zimbabwe" hauna maana bila kutaja mwezi. Kwa anayetaka kuona na kusikia kwa pamoja, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ninayoipendekeza bila kusita. Anayetaka kuogelea kwenye bwawa lililo ukingoni mwa genge, lile linaloitwa Devil's Pool, asubiri maji machache, takriban kuanzia katikati ya Agosti, na aende na waongozaji tu. Bwawa hilo liko upande wa Zambia.

Upinde wa mvua hapo nao una kanuni. Huonekana jua likiwa mgongoni mwako, kwenye duara lenye pembe ya nyuzi 42 hivi kutoka kivuli cha kichwa chako. Mahali pa kawaida jua likipanda juu ya nyuzi 42 upinde hupotea chini ya ardhi, lakini hapa unatazama chini korongoni, ndiyo maana unauona hata saa ambazo kwingine haungekuwapo. Usiku wa mwezi mpevu, maji yakiwa mengi, mbuga za pande zote mbili hufunguliwa ili watu waone upinde wa mwezi. Jiandae kuuona kama utepe mweupe hafifu. Macho yetu gizani hayatambui rangi vizuri. Rangi utazikuta kwenye picha.

Kanuni ya maji humgusa pia anayekwenda Angel Falls nchini Venezuela, maporomoko marefu kuliko yote duniani, mita 979. Hakuna barabara ya kufika. Safari ni ya boti kutoka kijiji cha Canaima, na boti zinahitaji mto wenye kina, jambo linalopatikana takriban Juni hadi Desemba. Kiangazi kikikolea, boti haziendi na maji yenyewe hugeuka ukungu kabla ya kugusa chini. Lakini msimu wa maji ndio pia msimu wa mawingu, na kilele cha mlima hufunikwa mara kwa mara, basi usipange kwenda na kurudi siku moja.

Uyuni: sentimita chache tu

Salar de Uyuni, Bolivia, ni uwanda wa chumvi wenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000 katika mwinuko wa mita 3,656. Ni tambarare kiasi kwamba tofauti ya kimo chake, kutoka pembe hadi pembe, haifiki mita moja. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Hutandaa kama utando mwembamba, na upepo ukitulia anga yote inaonekana chini ya miguu.

Kioo hicho kinadai mambo matatu kwa wakati mmoja: maji ya sentimita chache, upepo mdogo, na mwanga wa pembeni wa alfajiri au machweo. Januari hadi Machi ndiyo nafasi nzuri. Maji yakizidi, madereva hukataa kuingia, nao wana haki, kwa sababu chumvi hula vyuma na injini ikizimika katikati hakuna wa kukusukuma. Kisiwa cha Incahuasi chenye dungusi (kaktasi) ndefu mara nyingi hakifikiki miezi hiyo. Kuanzia Mei hadi Oktoba uwanda hukauka na kuonyesha uso mwingine, yaani ardhi nyeupe iliyogawanyika vipande vya pembe sita hadi upeo wa macho. Ni ajabu nyingine kabisa, na usiku wake ni wa baridi kali.

Kinachowaharibia wengi safari hii ni mwinuko. Uwanja wa ndege wa El Alto, ambako wageni wengi hutua, uko zaidi ya mita 4,000. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi haupatikani, na siku mbili za kwanza zinapotea. Njia ya busara ni kulala kwanza siku mbili au tatu katika mji wa Sucre, ulio kwenye mita 2,800 hivi, ndipo upande. Maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, au ukianza kupepesuka au kukosa pumzi umekaa, dawa ni kushuka chini mara moja. Kusubiri kukuche ni hatari. Jingine ni ngozi. Chumvi hurudisha miale juu, kwa hiyo paka mafuta ya kukinga jua chini ya kidevu na chini ya pua, mahali ambapo kwingine hapaungui.

Mianga ya kaskazini: giza kwanza, mawingu pili, jua tatu

Mianga hii huzaliwa pale chembe zenye umeme kutoka kwenye jua zinapoongozwa na uga sumaku wa dunia na kugonga gesi za angani. Oksijeni iliyo kati ya kilomita 100 na 200 hivi hutoa kijani, iliyo juu zaidi hutoa wekundu, na naitrojeni hutoa zambarau kwenye kingo za chini. Hutokea kwenye pete inayozunguka ncha ya sumaku, na miji kama Tromsø huko Norwei, Abisko huko Uswidi na Fairbanks huko Alaska iko chini ya pete hiyo au karibu nayo.

Wasafiri husumbuka sana na kipimo kiitwacho Kp, kinachoanzia 0 hadi 9, wakidhani wakiona 2 basi wabaki hotelini. Kipimo hicho husema pete imetanuka kiasi gani kuelekea kusini. Ukiwa Tromsø tayari uko chini ya pete, na Kp ya 1 au 2 inatosha kabisa. Namba kubwa ni habari njema zaidi kwa aliye mbali, kama ilivyokuwa usiku wa Mei 10, 2024, mianga ilipoonekana hadi nchi ambazo kwa kawaida haionekani.

Adui wa kweli ni wawili. Wa kwanza ni mwanga wa mchana: Tromsø jua halizami kuanzia takriban Mei 20 hadi Julai 22, na wiki kadhaa kabla na baada ya hapo anga haliwi jeusi vya kutosha. Mianga ipo, ila haionekani. Msimu halisi ni Septemba hadi Machi, na miezi ya Septemba na Machi, mchana na usiku vinapolingana, huwa na misukosuko mingi zaidi ya uga sumaku. Adui wa pili ni wingu. Pwani ya Norwei ina mawingu mengi, ndiyo maana waongozaji wa huko huendesha gari saa nyingi kuelekea bara, wakati mwingine hadi Finland, kutafuta tundu la anga. Abisko husifiwa kwa sababu milima iliyo magharibi yake huzuia mawingu ya bahari.

Satelaiti zilizo kati yetu na jua hutoa tahadhari ya uhakika ya muda mfupi tu, kati ya robo saa na saa moja. Utabiri wa siku tatu ni wa kukadiria. Kwa hiyo kila usiku fuata utaratibu huu: angalia ramani ya mawingu ya saa chache zijazo, chagua upande wenye nafasi, ondoka kwenye taa za mji, kaa nje kati ya saa tatu na saa nane usiku. Mianga huja kwa mawimbi. Anayekata tamaa baada ya nusu saa ndiye anayesimuliwa asubuhi.

Kwa picha, kamera iwe kwenye kisimamio cha miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200, lenzi ifunguliwe hadi f/2.8 ikiwezekana, na shata ikae wazi sekunde 5 hadi 10. Mianga ikicheza kwa kasi punguza sekunde, la sivyo mikunjo yote inayeyuka kuwa doa la kijani. Lenga nyota ang'avu kwa mkono, kwa sababu kamera ikijilenga yenyewe gizani hupotea. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi huzimaliza haraka. Na kabla ya kurudi ndani, funga kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje. Ukiiingiza wazi kwenye chumba chenye joto, unyevu utaganda juu ya kioo na hata ndani yake.

Mwezi: rafiki wa huyu, adui wa yule

Upinde wa mwezi unautaka mwezi mpevu. Ghuba ya Mosquito, kisiwani Vieques, Puerto Rico, inamtaka asiwepo kabisa: viumbe vidogo mno vya majini hutoa mwanga wa buluu vinapotikiswa na kasia, na mbalamwezi huufuta mwanga huo. Chagua siku za karibu na mwezi mwandamo. Kuogelea humo kumepigwa marufuku, kwani mafuta ya ngozi na dawa za mbu huviua. Matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, nayo hutoa mayai kwa pamoja usiku chache baada ya mwezi mpevu, mara nyingi Novemba, na ndio mwanzo wa msimu wa yavuyavu wenye sumu kali karibu na ufuko.

Lakini hakuna mahali mwezi unapofanya kazi kubwa kama Ghuba ya Fundy, Kanada. Maji hupanda na kushuka hadi mita 16. Mwezi huvuta bahari zote kwa namna ileile. Tofauti ya Fundy ni umbo lake. Urefu na kina cha ghuba hiyo hufanya maji yake yayumbe kwenda na kurudi kwa muda unaokaribia saa 12 na dakika 25, yaani mwendo uleule wa maji kujaa na kupwa baharini. Kila wimbi linaloingia humkuta mwenzake akiwa njiani, wanasukumana.

Kwenye Hopewell Rocks watu hutembea juu ya sakafu ya bahari, katikati ya nguzo za mwamba, takriban saa tatu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa tatu baada yake. Wanaokwama hukosea hesabu moja: wanadhani maji hupanda kwa kasi moja. Chukua siku ambayo maji yatapanda mita 12 ndani ya saa sita. Saa ya kwanza hupanda mita 1 hivi, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Aliyeona mita moja tu katika saa ya kwanza anajiona ana muda, kumbe saa mbili baadaye yanakuja mara tatu ya hayo. Panda ngazi mapema.

Bamvua, yale maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na tofauti hupungua. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya jana haifai leo, na ratiba ya bandari nyingine haifai kabisa. Hakikisha pia jedwali linatumia saa ya mahali hapo, hasa nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi.

Pembe ya jua, na mvua usiyoiona

Horsetail Fall, katika bonde la Yosemite huko California, ni maporomoko membamba yasiyovutia macho sehemu kubwa ya mwaka. Katikati na mwishoni mwa Februari jua linapotua hulipiga kwa pembe inayoyafanya yang'ae kama lava kwa dakika kumi hivi. Theluji ya juu lazima iwe inayeyuka, na upeo wa magharibi usiwe na wingu hata dogo. Kimoja kikikosekana, maelfu ya watu hukunja vifaa na kurudi.

Kwenye Antelope Canyon, Arizona, miale inayoshuka wima hadi mchangani hupatikana karibu na saa sita mchana, takriban mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua likiwa juu. Huingii bila mwongozaji wa Kinavajo, na sheria hiyo ina sababu. Agosti 12, 1997 mafuriko ya ghafla yaliua watalii 11 humo, na mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu ya bonde, wala si kwenye korongo lenyewe. Ukiambiwa ziara imefutwa ilhali anga ni ya buluu, usibishane.

Nyumbu hawana kalenda

Nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti hufuata majani, na majani hufuata mvua. Kuuziwa "tarehe ya kuvuka Mto Mara" ni kuuziwa bahati. Msimu wa kuvuka ni takriban Julai hadi Oktoba, lakini kundi laweza kusimama ukingoni siku nzima likageuka na kuondoka. Kwa maoni yangu tukio la uhakika zaidi ni la kuzaa, kusini karibu na Ndutu, Februari ikiwa kilele. Wengi huzaa ndani ya wiki chache, kwenye nyanda za majani mafupi zenye madini ya volkano. Ndama wanapokuwa wengi kwa mpigo, simba na fisi hawawezi kuwamaliza. Anayetaka kuona wanyama wawindaji kazini, hapo ndipo.

Chemchemi zinazorusha maji

Old Faithful ya Yellowstone, Marekani, hairuki kila saa kamili kama inavyosemwa. Chini yake maji hupata joto kupita kiwango cha kuchemka lakini hayachemki, kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu huyabana. Machache yakimwagika juu, shinikizo hupungua, yaliyo chini hugeuka mvuke kwa mara moja na kusukuma kila kitu nje. Mlipuko mfupi, chini ya dakika mbili na nusu, huacha maji mengi ndani, na unaofuata huja baada ya saa moja hivi. Mrefu humwaga karibu yote, na utasubiri saa moja na nusu au zaidi. Walinzi wa mbuga huupima na kubandika saa ya mlipuko ujao, kwa nafasi ya kukosea ya dakika 10 hivi. Usiache njia ya mbao kwa sababu yoyote: gamba la ardhi huko ni jembamba, maji yaliyo chini yanaua, na watu wamekufa hivyo.

Strokkur ya Iceland ni rahisi zaidi, huruka kila baada ya dakika chache. Simama upande unakotoka upepo. Steamboat, iliyo Yellowstone pia na inayoruka juu kuliko zote, imewahi kukaa kimya miaka 50, kuanzia 1911 hadi 1961.

Usiku mingapi?

Kwa ajabu inayotegemea anga safi, piga hesabu. Nafasi ikiwa theluthi moja kila usiku, usiku mmoja unakupa asilimia 33, miwili 56, mitatu 70, minne 80, mitano 87. Faida hupungua baada ya wa nne. Na hesabu hiyo hudhani kila usiku unajitegemea, wakati wingu zito huweza kukaa siku tatu mfululizo. Kwa hiyo ukigawanya usiku minne kati ya miji miwili iliyo pande mbili za mlima, unapata zaidi kuliko kulala yote minne mahali pamoja.

Anza na ajabu moja, tafuta tarehe yake, ndipo uongeze nyingine isiyogombana nayo. Upinde wa mwezi na ghuba inayong'aa haviwezi kuwa wiki moja. Mianga ya kaskazini na mwezi nusu vinakaa pamoja vizuri, na mbalamwezi hata huangazia milima kwenye picha. Tiketi ya ndege inunuliwe mwisho.